Kwa nini refa wa kikapu anamvumilia kocha mwenye makelele na kumpigia filimbi aliyenyamaza

Jioni moja, kwenye kiwanja kimoja cha wazi hapa Dar, kijana aliyekaa nyuma yangu alimgusa mwenzake begani na kuuliza swali ambalo nimeshalisikia kwenye ngazi za zege za viwanja vya kikapu mara nisizoweza kuhesabu. Kocha wa timu ya kushoto alikuwa amepiga kelele robo nzima mpaka sauti imemkauka, na refa hata kugeuka hakugeuka. Kocha wa timu ya kulia, mtu mpole wa siku zote, hakutamka neno. Alivua taulo shingoni, akalibamiza chini mbele ya miguu ya refa, kisha akawageukia mashabiki na kufungua mikono kama anayesema, "Mmeona wenyewe?" Filimbi.

"Sasa huyu kafanya nini? Si bora yule mwenye mdomo?"

Mwenzake akajibu kwa uhakika wote wa mtu asiyejua: "Refa kanunuliwa huyo."

Refa hakuwa amenunuliwa. Alikuwa anafanya kazi ambayo wengi wetu, hata tunaokwenda kila wikendi Don Bosco Upanga au JMK Park pale Kidongo Chekundu, hatujawahi kuelezwa inavyofanyika. Sisi ni watu wa soka. Tunaingia kwenye kikapu na vichwa vilivyojaa kadi za njano na nyekundu, hasa tangu 2019 sheria za soka ziliporuhusu hata makocha waonyeshwe kadi, halafu tunataka kila kitu kifanane. Hakifanani.

Maneno kwanza

Faulo za kikapu, kwa kifupi, ziko za aina mbili. Kuna za kugusana: kumpiga mtu mkono anapotupa, kumsukuma, kumzuia kwa mwili. Na kuna zisizo na mguso, ambazo ni makosa ya tabia: kutukana, kudharau, kumkejeli refa, kuchelewesha mchezo kwa makusudi. Hizi za pili ndizo faulo za kiufundi, na jina hilo limepotosha wengi, maana ufundi haumo hata kidogo. Viwanjani watu wanasema teknikali, na aliyepewa "amekula teknikali". Refa anapoitoa utamwona akiweka kiganja kimoja juu ya ncha za vidole vya mkono wa pili, ikatokea herufi T.

Juu ya hiyo kuna faulo ya kufukuzwa. Refa anakunja ngumi zote mbili na kuziinua. Ukiona ngumi hizo usingoje maelezo, kuna mtu anaondoka.

Sheria ninazozieleza ni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ambazo ndizo zinazochezewa kwenye ligi zetu. NBA wana kitabu chao wenyewe. Nalisema hili mapema kwa sababu kijana anakesha na NBA kwenye simu, kesho yake anakuja kumhukumu refa wa Kidongo Chekundu kwa sheria za Marekani.

Meza ya mmachinga

Uwanja wa kikapu una urefu wa mita 28, kwa hiyo nusu yake ni mita 14. Eneo la benchi linaanzia usawa wa mstari wa mwisho, ule wa nyuma ya ringi, na kuishia mita 5 kabla ya mstari wa kati. Ukitoa, kocha anabakiwa na mita 9 za kutembea. Mipaka yake ni mistari miwili mifupi inayotoka mstari wa pembeni kwenda nje. Kwenye viwanja vyetu vingi vya wazi mistari hiyo imeshaliwa na jua na viatu, na nadhani ugomvi mwingi wa kando ya uwanja ungepungua kwa kopo moja la rangi.

Mfikirie mmachinga wa Kariakoo mwenye meza yake. Akiwa nyuma ya meza anaita wateja kutwa nzima, "Buku buku! Buku buku!", na hakuna anayemkamata kwa sababu ya sauti. Siku akiisukuma meza katikati ya njia ya daladala, awe anapiga kelele au amenyamaza, hilo ni kosa. Kocha ni hivyo hivyo. Ndani ya mita zake 9 anaruhusiwa kusimama na kuwapigia kelele wachezaji wake toka mpira wa kwanza mpaka wa mwisho. Yule wa kushoto ndicho alichokuwa akifanya: "Rudi! Rudi nyuma! Namba saba hana mtu!" Alikuwa anawafokea watoto wake mwenyewe. Refa hayamhusu.

Kuna masharti mawili hapa ambayo wengi hawayajui. La kwanza, anayeruhusiwa kubaki amesimama ni mtu mmoja tu kwa wakati mmoja, ama kocha mkuu ama msaidizi wake wa kwanza. Mmoja akisimama, mwingine anakaa. La pili, huyo msaidizi haruhusiwi kuzungumza na marefa. Anaweza kwenda mezani kwa waandishi wa mchezo, kwa utulivu, saa ikiwa imesimama na mpira hauchezwi, kuuliza idadi ya faulo au muda uliobaki, basi. Kwa hiyo ukiona refa anamkalisha msaidizi aliyesema neno moja la kawaida, ilhali kocha mkuu amesema matano, usikimbilie kusema anaonewa. Msaidizi hakupaswa kuanza.

Swali, lalamiko, tusi

Sasa tuje kwenye yale anayoambiwa refa mwenyewe. Refa aliyekomaa ana chujio masikioni. Yanayotoka kwenye benchi anayapanga haraka haraka kwenye mafungu.

Kuna swali: "Refa, ile ya namba nne umeionaje?" Swali linajibiwa, kwa ufupi, mchezo ukisimama. "Alikuwa ameshasimama kabla ya kugongwa, mwalimu." Mara nyingi moto unazimikia hapo, hata kama kocha hakukubali, kwa sababu alichotaka ni kujua kuwa kuna mtu ameona alichoona yeye.

Kuna lalamiko: "Aah, refa bwana! Hiyo siyo!" Lalamiko linaachwa lipite kama upepo wa baharini. Mwenye damu mwilini lazima alalamike. Ila refa anahesabu. Lalamiko lile lile likirudi kila shambulizi, kwa kila uamuzi, kosa linakuwa si neno tena bali wingi wake.

Halafu kuna tusi au shutuma: "Mwizi wewe." "Umekula hela ya nani leo?" Hapa hakuna kuhesabu. Kadhalika kumgusa refa, au kumsemea ovyo mtu wa mezani, yule anayeandika karatasi ya mchezo na ambaye wengine wanadhani hana wa kumtetea.

Fungu la mwisho ndilo lililomponza mwenye taulo, nalo halina sauti. Kupiga kiti teke, kutupa koti, kujiziba macho kwa viganja kumaanisha refa kipofu, kuwageukia mashabiki na kuwachochea kwa mikono. Mtazamaji anauliza, kelele na taulo kipi kibaya zaidi? Refa anajiuliza kingine: nani kaona? Neno la kocha linasikiwa na refa mwenyewe na watu watatu wanne wa karibu. Mkono ukipunga hewani unaonwa na uwanja mzima. Akiuacha, amewaambia wachezaji 10 walio ndani na wote walio kwenye mabenchi kwamba leo ruksa. Dakika mbili hazipiti, nahodha anafanya vile vile, na refa hana tena mdomo wa kumkataza.

Watu wengi huamini kwamba lazima kocha aonywe kwanza, kama kengele inavyolia kabla mlango wa mwendokasi haujafungwa. Si kweli. Kitabu cha sheria kinasema refa anaweza kuzuia teknikali kwa kutoa onyo, au hata kuyafumbia macho makosa madogo ambayo ni wazi hayakukusudiwa na hayakuathiri mchezo, ila yakirudiwa baada ya onyo hapo hakuna tena msamaha. Neno ni "anaweza". Onyo ni hisani ya refa, kocha halidai. Aliyemwita refa mwizi kwenye dakika ya kwanza hana haki ya kusema "mbona hukunionya".

Onyo lenyewe likitolewa vizuri, aliye jukwaani anaweza asilione kabisa. Nimelitazama mara nyingi nikiwa nimekaa mezani na kalamu. Mpira umetoka nje, saa imesimama. Refa hakimbii kuelekea kwa kocha. Anatembea, kama mtu anayepita tu njia yake. Anasimama ubavuni mwa kocha, bega kwa bega, wote wawili wakiangalia uwanjani. Hamkodolei macho. Anasema kwa sauti ya chini, midomo haifunguki sana: "Mwalimu, nimekusikia. Hilo tumelimaliza." Kiganja chake, kilichoshuka usawa wa kiuno, kinatazama mbele kidogo, ishara ya kutosha. Sekunde nne, tano. Anaondoka kabla hajajibiwa, na akipishana na wenzake anawanong'oneza kwamba benchi lile limeshaonywa, ili asije mmoja akaonya upya kana kwamba hesabu inaanza sifuri.

Hako ka bega kwa bega kana sababu. Ukimkabili mtu mzima uso kwa uso mbele ya wachezaji wake na mashabiki wake, umemlazimisha ashinde. Hawezi kurudi nyuma hata akitaka. Ukisimama ubavuni mwake, watu wanaona watu wawili wanaotazama mpira.

Na teknikali ikishatolewa, aliyepiga filimbi anaondoka eneo lile. Kocha akitaka maelezo, anakuja refa mwingine kumsikiliza. Mashabiki huzomea, "Anakimbia! Anaogopa!" Haogopi. Ameshasema alichokuwa nacho, na akibaki pale dakika nzima ya kubishana itazaa teknikali ya pili ambayo hakuna aliyeihitaji.

Bei yake ni ndogo kuliko mnavyodhani

Hapa ndipo kadi za soka zinapotupoteza zaidi. Tunasikia "teknikali" na kuhisi kuwa msiba umeingia. Adhabu yake ni mtupo huru mmoja. Kocha wa timu pinzani anamteua mtupaji amtakaye, bila shaka yule mwenye mkono mzuri kuliko wote, anatupa peke yake, hakuna wa kujipanga kugombea ribaundi, kisha mchezo unaendelea pale ulipokatikia, na mpira unarudi kwa timu iliyokuwa nao.

Chukua mfano. Timu yako inaongoza 68 kwa 67, zimebaki sekunde 40, na mpira mnao nyinyi. Kocha wenu anaropoka, anakula teknikali. Wapinzani wanatupa mmoja, unaingia, 68 kwa 68. Mpira? Bado wenu, palepale ulipokuwa. Imewauma, lakini mchezo bado uko mikononi mwenu.

Zamani haikuwa hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 teknikali ya kocha iligharimu mitupo miwili pamoja na mpira. Mwaka 2014 FIBA wakaishusha kuwa mtupo mmoja na mpira, na miaka michache baadaye hata mpira ukaachwa kwa mwenyewe. Wengine waliiona kama kulegeza kamba. Mimi naiona kinyume. Adhabu ikiwa nzito, refa anaiogopa. Anavumilia, anavumilia, mpaka siku imeharibika ndipo anapiga filimbi, na wakati huo pointi nne, mitupo miwili na kikapu cha mpira ule, zinaweza kugeuza mechi, watu wakasema ameiamua yeye. Adhabu ikiwa nyepesi anaweza kuitoa mapema, robo ya kwanza au ya pili, kocha akalipa ada yake ndogo, na jioni ikaendelea. Michezo iliyovurugika niliyoishuhudia kwa macho yangu, karibu yote haikuvurugwa na teknikali iliyotolewa. Ilivurugwa na ile iliyopaswa kutolewa robo ya kwanza ikaahirishwa.

Jambo jingine linalochanganya: teknikali ya benchi haiingii kwenye hesabu ya faulo za timu. Kila robo, timu ikishafikisha faulo 4, zinazofuata zinawapa wapinzani mitupo miwili. Faulo za wachezaji zinahesabiwa humo, hata teknikali ya mchezaji aliye uwanjani. Za kocha na benchi lake hazihesabiwi. Mara ngapi nimesikia mtu jukwaani akipiga hesabu, "Hiyo ni ya tano, sasa tunatupiwa mbili mbili." Hapana ndugu yangu, bado mko nne.

Shikamoo, halafu filimbi

Kuna ugumu mmoja ambao hauko kwenye kitabu cha FIBA, na kwa Dar ndio mkubwa kuliko yote. Marefa wetu wengi ni vijana. Makocha wengi ni watu wazima, wengine ndio waliomfundisha huyo refa kudunda mpira akiwa na miaka 12. Kabla ya mechi refa anapita benchi, anainamisha kichwa: "Shikamoo mwalimu." "Marahaba mwanangu, hujambo? Mama mzima?" Nusu saa baadaye mwanangu huyo anatakiwa asimame mbele ya watu na kumwekea mzee ishara ya T.

Nimeona vijana wakishindwa. Mkono unainuka nusu, unashuka, unajifanya unafuta jasho. Na nimeona mzee akilitumia hilo kwa makusudi, anamwita refa "mtoto wewe" kwa sauti ya kusikika, akijua fika kinachoendelea kifuani mwa mwenzake. Kwa lugha yetu, kumpa mzee teknikali kunasikika kama kumvunjia heshima. Ndiyo maana nasisitiza bei. Ukiielewa teknikali kama ada ya mtupo mmoja, kijana anaweza kuitoa na bado mechi ikiisha akaenda kumpa mzee mkono. Ukiielewa kama tusi, hakuna kijana mwenye malezi atakayeitoa.

Refa mmoja wa siku nyingi alikuwa na dawa yake. Hakuacha kumwita kocha "mwalimu" hata sekunde moja, na teknikali aliitangaza mezani kwa sauti ile ile anayotangazia mpira umetoka nje. Hana ghadhabu, hana mbwembwe za mikono.

Mita moja ya LUKU

Kwenye karatasi ya mchezo, pembeni ya jina la kocha, kuna visanduku vitatu. Tabia yake yeye mwenyewe inaandikwa C. Tabia ya mtu mwingine yeyote wa benchini, awe mchezaji wa akiba, msaidizi, daktari wa timu au yule kijana wa maji, inaandikwa B, na inaingia palepale kwenye visanduku vya kocha.

Waliokua nyumba za kupanga wataelewa bila shida. Vyumba sita, mita moja ya LUKU. Nani aliacha pasi inawaka, nani kaleta friji kimya kimya, mita haijui. Yuniti zinashuka. Kocha ndiye mwenye mita. Mchezaji wa akiba akiruka na kumtukana refa, refa anakwenda kumwandikia kocha, na kocha anabaki anashangaa na mikono kichwani wakati hakufungua mdomo. Jukwaani watu wanapiga kelele kwamba refa kakosea mtu. Hajakosea.

Lakini sheria imeona kuwa si haki kumhukumu mtu kwa pasi ya mpangaji sawasawa na pasi yake. Ndiyo maana C mbili zinatosha kumtoa kocha, ila B peke yake mpaka zifike tatu. Mchanganyiko nao ni tatu: C moja na B mbili, anatoka. Ukimwona kocha anawageukia wachezaji wa akiba kwa ukali kuliko anavyomwangalia refa, pengine B mbili zimeshaingia na anachungulia cha tatu.

Akitoka kwa njia hiyo ya kujumlisha, adhabu ni ile ya teknikali ya mwisho tu, mtupo mmoja. Kufukuzwa moja kwa moja ni habari nyingine. Kocha akifanya jambo zito sana, tuseme kumpiga mtu, hapitii C wala B. Anapewa faulo ya kufukuzwa, na wapinzani wanapata mitupo miwili pamoja na mpira.

Hakuna muda wa chini wa kungoja. NBA, ambako teknikali mbili nazo zinamtoa kocha, Gregg Popovich, aliyekuwa kocha wa San Antonio Spurs, alitolewa Denver tarehe 3 Aprili 2019 zikiwa zimechezwa sekunde 63. Kuna mashabiki walikuwa bado wanatafuta viti.

Anakwenda wapi?

Sheria inasema aliyefukuzwa aende chumba cha kubadilishia nguo cha timu yake akae humo mpaka mwisho, au akipenda aondoke kabisa kwenye jengo. Kukaa jukwaani hakumo. Timu inachukuliwa na msaidizi wa kwanza. Kama hayupo, nahodha. Na timu haipungui mtu uwanjani, hii si kadi nyekundu ya mchezaji.

Kwenye ukumbi hilo ni rahisi. Kiwanja cha wazi cha mtaani, chumba cha kubadilishia nguo kiko wapi? Watu wanabadilishia nyuma ya gari. Nimewahi kumwona kocha aliyefukuzwa akitoka kwa heshima zote, geti likafungwa, halafu baada ya dakika tatu yuko upande wa pili wa uzio wa waya, vidole vimeshika matundu, anapiga kelele "Eneo! Chezeni eneo!" Refa akasimamisha mchezo. Hakumfuata. Alimwita nahodha na msaidizi, akawaambia mpira hautarushwa mpaka mzee awe mbali na uzio. Wachezaji wake wenyewe ndio waliokwenda kumbembeleza. Akasogea hadi kwa muuza miwa barabarani, akanunua glasi, akasimama pale akitazama kwa mbali. Refa akaridhika.

Siku kocha anapogeuka kuwa msaidizi wa refa

Ugomvi wa ngumi ukizuka, au ukielekea kuzuka, yeyote wa benchini anayevuka kuingia uwanjani anafukuzwa, hata kama alikuwa anakimbilia kuamua. Wanaoruhusiwa kuingia ni kocha mkuu na msaidizi wake wa kwanza, tena kwa ajili ya kuwasaidia marefa kurudisha utulivu. Yaani mtu yule yule aliyekuwa akikemewa robo nzima arudi ndani ya mstari wake, ghafla ndiye anayehitajika kuliko wote, kwa sababu kuna sauti moja tu ambayo wachezaji wake wataisikia. Refa mwenye busara anaikumbuka siku hiyo anapochagua jinsi ya kuongea na kocha siku za kawaida.

Kuhusu kususa, ambako tumekuzoea kwenye soka la mtaani, niseme haraka. Kocha akiwaita wachezaji wake watoke, na refa mkuu akawaambia wacheze wakakataa, mchezo umekwisha: 20 kwa 0 kwa wapinzani, na waliosusa wanapata sifuri kwenye msimamo. Hata kama walikuwa wanaongoza kwa pointi 30. Malalamiko yana mlango wake: nahodha anamjulisha refa mkuu na kusaini karatasi ya mchezo ndani ya dakika 15 baada ya mechi kuisha. Ila mlango huo ni mwembamba. Ni wa mambo kama pointi zilizoandikwa vibaya au saa iliyokosewa na haikurekebishwa. "Refa hakutupatia faulo" halipiti hapo, na "teknikali ile haikuwa haki" pia halipiti.

Nikiwa mezani siku moja, mechi imeisha, kocha aliyekula teknikali yake moja alikuja kuinamia karatasi. Timu yake ilishinda, kwa hiyo hasira ilikuwa imebaki ya utaratibu tu. Akaweka kidole kwenye kisanduku chake, pale palipoandikwa C na moja ndogo pembeni ya kuonyesha mtupo mmoja.

"Mwandishi," akasema, "faulo za wenzangu humu naona za bluu. Yangu mimi kwa nini umeiandika kwa wino mwekundu? Kwani nimepewa kadi?"

Nikamwonyesha. Robo ya kwanza na ya tatu zinaandikwa kwa kalamu nyekundu, ya pili na ya nne kwa bluu au nyeusi, ili mtu akisoma ajue nini kilitokea lini. Yake ilikuwa robo ya tatu. Akaiangalia tena, akakuna kidevu.

"Kumbe. Basi ningemtukana robo ya nne."